Magodoro ya Bi Mkubwa

4 Machi

Mume wangu,

Salamu za nyumbani zipokee kabla hujafika kwenye maneno, maana maneno yenyewe leo si matamu yote. Sisi wazima. Binti yako ameng'oka jino la mbele na hataki litupwe mpaka ulione, kwa hiyo limefungwa kwenye kitambaa, liko kabatini pamoja na vyeti.

Naanza na la heri. Jana asubuhi nimekwenda ofisi ya mizigo kama kawaida, nikamkuta dalali ananisubiri mlangoni, jambo ambalo tangu nimjue hajawahi kulifanya. Kiwanda cha saruji kinatafuta malori sita ya watu binafsi kwa mkataba wa miezi sita. Tani ishirini na nane kwenda, na kurudi unapakia jasi wanayochanganyia saruji hiyo hiyo. Umesikia? Kwenda umejaa, kurudi umejaa. Hakuna tena kulala siku tatu kwenye maegesho ukisubiri mzigo wa kurudi kama mtu anayesubiri posa. Nimepiga hesabu mara mbili kwenye daftari, mara ya tatu nikampa binti yako, tukapata jibu moja. Miezi sita hiyo inanirudishia vyerehani vyangu vitatu tulivyouza mwezi wa tisa ili tumpate Bi Mkubwa. Mimi ndiye niliyetangulia katika ndoa hii, lakini cheo amechukua lori. Kiwanda kinataka jibu kabla ya tarehe thelathini.

Sasa kuna fundo, nifungulie. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza: mzigo wa kwenda nachagua mimi, wa kurudi unachagua wewe, na bei hatuzitaji kwenye simu ya dukani kwa sababu simu ile ina masikio ya mtaa mzima. Ndiyo maana tunaandikiana, na barua unazichukua kwa fundi wa pancha pale mzanini, malori yanapopimwa uzito. Haya. Mwezi uliopita nilikuchagulia chumvi, mzigo mzuri, umejaa hadi juu. Juzi dalali ananiambia chumvi ile ilishushwa na rafiki yako Kipara, na siku hiyo hiyo wewe ulionekana barabarani umebeba magodoro.

Mume wangu, chumvi yetu ilifikaje kwa Kipara? Sijaelewa. Nieleweshe.

Mkeo,
Fundi Cherehani asiye na cherehani

*

9 Machi, mzanini

Mke wangu,

Barua nimeipata. Ina alama ya kidole cha grisi lakini haikufunguliwa, fundi wa pancha ni mwaminifu ingawa si msafi. Jino lisitupwe. Nikifika nitalikagua.

Habari ya chumvi ni ndogo sana, wala usijisumbue nayo. Kipara alikuwa na haja ya kwenda upande ule, nami nilitaka kupumzisha matairi, tukabadilishana. Madereva tunabadilishana mizigo kama majirani wanavyoazimana sufuria. Halafu chumvi inakula chuma, hilo unalijua. Magodoro hayana makuu. Hayamwagiki, hayaozi, na turubai likipasuka hayapigi kelele. Wapakiaji wanayarusha huku wanaimba, saa moja umeondoka.

Kuhusu saruji, tusiikimbilie. Haraka haraka haina baraka. Saruji ina vumbi sana. Na jasi nayo, nikikumbuka vizuri, ina vumbi.

Nitakuwa nyumbani baada ya safari mbili hivi. Msalimie binti.

Mumeo,
wa barabarani

*

13 Machi

Mume wangu,

Vumbi?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mtu aliyeendesha magari ya mchanga ya watu miaka kumi na moja leo anaogopa vumbi.

Nimefungua daftari. Tangu mwezi wa kumi na moja, kwenye mizigo ya kurudi umebeba magodoro mara saba, viti vya plastiki mara mbili, madebe matupu mara tatu. Dizeli umeokoa, nakubali, na haki yako nakupa. Lakini lori la tani ishirini na nane likibeba tani tatu za sponji, tani ishirini na tano zinazobaki ni upepo, na upepo sijaona ukilipwa mahali popote. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha nisiulize mzigo unalipa ngapi, niulize unakaa siku ngapi njiani na unarudi na nini. Sasa mwalimu amekwenda wapi?

Mke wa Kipara amenipa pole sokoni. Pole ya nini, nikamuuliza. Akasema, "Basi tu, dada, wanaume hawa." Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu, nimesahau nilichofuata. Kwa hiyo nakuuliza wazi, na naumia kuuliza: huko kwenye kiwanda cha magodoro kuna nani? Kama yupo, niambie. Kama hayupo, niambie kilichopo, maana kipo.

Jumapili kaka yangu wa gereji alipita. Akaniuliza Bi Mkubwa anabebaje siku hizi. Nikamwambia anabeba magodoro. Akasema, "Magodoro? Gari lile?" Basi tukawa wawili tusioelewa.

Jibu la saruji linasubiriwa. Mimi nasema mkataba tuukubali.

Mkeo,
mwenye daftari

*

17 Machi, mzanini

Mke wangu,

Mwanamke hakuna. Naapa kwa jino la binti yangu. Kiwandani pale kuna mzee mmoja wa stoo mwenye kikohozi na paka wawili, nenda kawaone.

Lakini nieleze wewe: ndugu yako analiulizia lori langu kwa sababu gani? Umesahau? Siku nilipolileta nyumbani, mbele ya majirani wote, mbele ya mama yangu, alisimama akasema mimi siwezi kutofautisha lori na toroli. Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Niliapa siku ile kwamba mtu yule hatagusa hata nati moja ya gari hili, na kiapo changu kipo palepale. Anachotaka kujua kuhusu Bi Mkubwa akaulize toroli lake.

Mkataba wa saruji siutaki. Sababu ninayo na si ya kuandika. Usiuguse. Nakuomba kama mumeo, usiuguse.

Kuna mahali moyoni nataka kukueleza zaidi na kalamu inakataa. Nivumilie kidogo.

Mumeo

*

21 Machi

Mume wangu,

Nimekusikia. Umesema nisiuguse, basi sijaugusa.

Hapa mambo ni yale yale. Jirani wa nyuma anatafuta mtu wa kumpakia rangi geti lake. Mvua imenyesha kidogo. Binti ameanza kupiga mluzi kwenye pengo, hatulali.

Mkeo

*

24 Machi

KWA: Mmiliki wa lori lijulikanalo kama "Bi Mkubwa"
(Nakala moja nyumbani, nakala moja kwa fundi wa pancha, mzanini)

YAH: BARUA MBILI

Ndugu Mmiliki,

Ofisi hii ya kiwanda cha saruji imepokea barua mbili kuhusu gari lako. Ya kwanza, ya tarehe 17, imeandikwa na mume. Inasema gari halifai kwa mzigo mzito, mwenyewe analijua, na asiulizwe zaidi. Ya pili, ya tarehe 19, imesainiwa na mke kwa niaba ya mume. Inasema gari ni imara kuliko lilivyokuwa, mwenyewe analijua, na liko tayari siku yoyote.

Nimezisoma zote mbili mbele ya meneja. Meneja ameniuliza magari ni mangapi, nikasema moja. Ameniuliza wenyewe ni wangapi, nikamwekea barua zote mbili mezani. Katika miaka yangu ya kazi nimepokea watu wanaosema uongo kwamba gari ni zima. Sijawahi kupokea anayejisingizia ubovu.

Kwa hiyo, lilete gari tarehe 30, saa mbili asubuhi, lisimamishwe juu ya shimo la ukaguzi. Mkaguzi wetu ataingia chini na nyundo yake. Likionekana zima litapakia siku hiyo hiyo. Lisipoonekana zima, au lisipokuja, nafasi atapewa mwingine aliyepo kwenye foleni.

Wako katika utumishi,
Karani wa Usafirishaji

*

26 Machi, mzanini

Mke wangu,

Barua ya karani ninayo mkononi. Kwa hiyo uliugusa. Nami niliwaandikia nyuma ya mgongo wako, kwa hiyo tumetoka sare, na sina uso wa kukugombeza.

Sasa soma ukiwa umekaa.

Mwezi wa kumi na moja nilibadilisha springi ya nyuma njiani. Nililala chini ya gari na tochi, na pale, ubavuni mwa chasisi, ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu, nikaona bamba la chuma. Limepigwa nati, limechomelewa, na juu yake pana rangi nyeusi mpya kuliko rangi ya pembeni. Nikabaki pale chini mpaka mgongo ukapoa. Nilijua mara moja. Tumeuziwa gari lililovunjika mgongo, na aliyetuuzia alifunika kidonda kwa rangi.

Kabla ya kununua uliniambia nilipeleke likaguliwe na kaka yako. Nikarudi nikakuambia limekaguliwa na fundi mwingine. Halikukaguliwa. Sikutaka kuinama mbele ya ndugu yako. Nililizunguka mara tatu, nikapiga tairi teke, nikalipa. Nililipa kwa vyerehani vyako vitatu, mke wangu, kile cha mguu ulichorithi kwa mama yako kikiwemo. Na ndugu yako alipolitazama mara moja tu akasema neno la toroli, na alisema kweli.

Ndiyo hayo magodoro. Nabeba chochote kisicho na uzito. Kila mzigo uliouchagua kwa akili zako nzuri nimeutafutia mtu wa kubadilishana naye, na Kipara ameneemeka. Ningelipeleka gari kwa fundi yeyote, habari ingemfikia ndugu yako kabla nati haijafunguliwa, mafundi wote wanajuana.

Ule mteremko mrefu unaoujua, wenye kona saba, kwa miezi minne nimeushuka mlango wangu ukiwa haujafungwa. Nauegesha tu. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kitasa, ili Bi Mkubwa akikatika niruke. Magodoro yenyewe ni mepesi, lakini mimi siwezi kuufunga ule mlango. Naogopa, mke wangu. Nimechoka kuogopa, na nimechoka kukuandikia habari za vumbi.

Sijui tarehe 30 niende au nisiende. Nikienda, mkaguzi ataona na aibu itakuwa mbele ya watu kwa mara ya pili. Nisipoenda, mkataba umekwisha na vyerehani vyako havirudi. Niambie.

Mumeo

*

26 Machi

Mume wangu,

Nakuandikia kabla sijapata neno lolote kutoka kwako, maana nikingoja nitakosa ujasiri. Ndiyo, nilisaini. Nilisaini tarehe 19, na tarehe 21 nikakuandikia kwamba sijaugusa. Binti alinitazama wakati nafunga bahasha, nikashindwa kumtazama.

Lakini kilichonitetemesha si kukamatwa. Ni lile neno karani alilolinakili kutoka kwako, kwamba gari halifai kwa mzigo mzito na mwenyewe unalijua. Nikajiuliza, umejua nini, na umejuaje? Nikachukua barua ya karani nikampelekea kaka gereji. Akaisoma, akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Ameona bamba."

Mume wangu, bamba lile tumeliweka sisi.

Ulipolala na malaria siku tisa mwezi wa kumi, roho haikutulia kwa sababu ya lile neno la toroli. Nilimpa kaka ufunguo alitazame tu. Akatoka chini ya gari akasema kwenye chasisi kuna ufa, urefu wa kidole, hauonekani mpaka uusugue. Akafanya kazi siku tatu uwanjani nyuma ya nyumba, nawe ndani unatetemeka chini ya blanketi, unaniuliza kelele zile ni za nini. Nikakuambia jirani anatengeneza geti. Ukasema geti gani linatengenezwa siku tatu.

Sikukuambia kwa sababu ya kiapo. Ungejua kwamba amegusa nati zako, ungezifungua kwa mkono wako mwenyewe. Nikaona heri uendeshe gari zima bila kujua. Ndiyo maana nimekuwa nikikuchagulia chumvi na nondo kwa moyo mweupe kabisa. Nilijua Bi Mkubwa ana nguvu. Kwamba nawe ungelala chini, ukaona dawa ukadhani ndiyo ugonjwa, hilo halikunijia hata kwenye ndoto. Na mimi nikakusingizia mwanamke.

Nisamehe. Sijui hata naomba msamaha wa lipi kwanza. Kaka naye ameandika, nimekunjia karatasi yake humu. Usiichane kabla ya kuisoma. Barua hii nampa dereva wa gari la maziwa, yeye hasimami njiani.

Mkeo

(Karatasi iliyokunjwa ndani)

Shemeji,

Mimi si mwandishi. Bamba uliloliona nimeliweka mimi. La pili liko upande wa pili. Nati kumi na mbili kila moja, na ufa niliuziba kwanza kabla ya kulifunika. Hapo unapoogopa ndipo pagumu kuliko gari zima. Usiniamini kwa maneno. Lala chini utazame upande wa ndani, siyo wa nje. Kazi zangu zote naziandika tarehe kwa moto wa kuchomelea.

Lile neno la toroli nililisema mbele ya watu. Nilikosea, na kila Jumapili napita kwenu wakati najua hupo.

Fundi

*

30 Machi, chini ya mteremko

Mke wangu,

Barua yako iliniwahi jana. Nimeisoma mara nne, ya tano nikampa fundi wa pancha anisomee kwa sauti nisikie kama maneno ni yale yale. Alipofika kwenye geti alilazimika kukaa chini.

Nilitaka kukukasirikia. Nikasema, mke wangu amenidanganya miezi mitano. Kisha nikakumbuka mimi nimemdanganya sita, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikataka kumkasirikia yeye, nikaona nitamkasirikiaje mtu aliyenitibu nikiwa nimelala. Mpaka sasa sijui nicheke au nilie, na nimefanya vyote viwili, mbele ya Kipara, ambaye amechanganyikiwa kuliko mimi na anauliza kama magodoro sasa atapewa yeye.

Basi nililala chini na tochi. Upande wa ndani. Pameandikwa kwa moto, herufi zimevimba kama mishipa ya mkono: 12 OKTOBA. Nikapitisha kidole. Tarehe 12 Oktoba mimi nilikuwa kitandani nakuuliza habari za geti.

Leo saa mbili kamili nilikuwa kiwandani. Karani amesimama pembeni ya shimo na barua zetu mbili, moja kila mkono, anatazama gari kama mtu aliyeletewa mtoto asiyejua ni wa nani. Mkaguzi akashuka na nyundo. Akagonga, akasikiliza, akagonga. Bado nilikuwa naogopa, nakuambia ukweli, kwa sababu kuamini barua ni jambo moja na kusikia nyundo ni jingine. Akapanda juu huku anajifuta mikono.

"Nani amefanya kazi hii?"

Nikajua yamekwisha. Nikauliza, "Kwa nini?"

"Nataka nimpelekee gari langu."

Wote wakanigeukia. Ndugu yako sijamwita jina lake la undugu tangu mwezi wa tisa. Nikasema, "Shemeji yangu." Nikalirudia, maana la kwanza halikusikika vizuri. Karani akauliza sasa aweke kwenye faili barua ipi. Nikamwambia ya mke wangu, ile nyingine anipe. Nimeichana.

Wamepakia saruji. Tani ishirini na nane, mifuko mia tano na sitini, niliihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono. Mzani ukakubali. Jasi ya kurudi iko tayari inanisubiri. Binti aanze kutafuta bei ya cherehani, kile cha mguu kwanza, tujue aliyekinunua kama anaweza kutuuzia tena.

Mwambie shemeji nimeisoma karatasi yake. Jumapili hii nipo. Apite wakati najua anakuja, na akitaka kulitazama gari, funguo zitakuwa kabatini, karibu na jino.

Nimesimama hapa chini ya mteremko kukuandikia kwa sababu nisingeweza kungoja mpaka mzanini. Kule juu, kabla ya kona ya kwanza, nilisimamisha gari. Vumbi la saruji limejaa kila mahali, hata kwenye kope, na kweli ni baya, hilo sikudanganya. Nikakaa kitambo, mkono uko kwenye kitasa kama ulivyozoea. Kisha nikauvuta mlango nikaufunga, na nimeshuka kona zote saba ukiwa umefungwa.

Mumeo